Kisahani cha Njano Kilichopakwa Rangi Nyekundu

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndiye niliyekuzidi basi iweke akiba, maana sikuoni, na sitaki kuanza kwa kukosa adabu wakati ninalokuja kukueleza ni utovu wa adabu mwingine mkubwa zaidi.

Mimi ni balozi wa nyumba kumi katika kijiji chetu cha ujamaa huku milimani, kwenye barabara ya kwenda Mtae, nina mke na watoto, na mbele za watu nahesabiwa kuwa mwenye akili. Kijana mmoja wa kujitolea kutoka ng'ambo, aliyekuwa akitufundisha useremala, alipoondoka alituachia sanduku la visahani vya plastiki, si vya kulia, ni vya kurusha, unasimama kwenye jiwe unarusha kisahani kuelekea tenga lililoning'inizwa mtini, unakifuata kilipoangukia unarusha tena kutoka hapo, na anayelifikia tenga kwa mitupo michache kuliko wenzake ndiye mshindi, nasi tukaupenda mchezo huo kwa sababu hauhitaji uwanja wa tambarare, kitu ambacho Mungu alipowagawia wengine sisi Washambaa hatukuwapo.

Sasa visahani vyekundu ni vizito na vya njano ni vyepesi, na kwenye mkutano wa kijiji mimi mwenyewe ndiye niliyesimama nikatoa hoja kwamba mali ya kijiji itumiwe kwa kadiri ya nguvu za kila mtu, wanaume warushe vyekundu, wanawake na wazee warushe vya njano, nikasema mwanamume anayerusha kisahani chepesi ni sawa na mwanamume anayelima kwa kijiko, watu wakapiga makofi, mwenyekiti wetu Mzee Hezekia akapitisha, na tangu siku hiyo ni sheria.

Tabu ikaanza hapo, maana chekundu nikikirusha kinakwenda kidogo halafu kinajitupa kushoto kwenye kabichi za shamba la pamoja, kila mara, kama kimetumwa kuvuna, wakati mke wangu Yunis, ambaye mkono wake ni mwembamba kama mpini wa mwiko, anakiachia cha njano kinapita juu ya matuta bila haraka na kutua chini ya tenga, na watu hawakunicheka, walifanya vibaya zaidi, walinipa pole. Alfajiri moja nikakichukua kisahani chake nikaenda nyuma ya kanisa nikakirusha, na Mshauri, kiliruka, sijawahi kurusha kitu kikanitii namna ile, nikajua kwamba mkono wangu ni wa kisahani chepesi na sheria yangu ni ya mkono wa mtu mwingine.

Badala ya kusema hivyo nikachukua rangi ya mafuta iliyobaki tulipopaka mlango wa duka la ushirika, rangi nyekundu, nikakipaka, njano ikawa inachungulia, nikaongeza mkono wa pili, na wa tatu, kikakauka kikawa chekundu kuliko vyekundu vyenyewe, lakini sasa kimeharibika, nikikirusha kinayumba kama mtu aliyetoka arusini, na kabichi zinanisubiri palepale.

Na hilo lingekuwa langu peke yangu, ila Yunis anakitafuta kisahani chake, na mtu wa mwisho kukiazima alikuwa jirani yetu Mwajuma, wameteka maji pamoja tangu wakiwa maharusi, Yunis akamwuliza kwa namna iliyomuumiza, na Mwajuma akaja mlangoni kwetu nikiwa nakunywa uji akasema, "Yunis, mimi nimekula kwako na wewe umekula kwangu. Leo niibe kifuniko?" Yunis akamjibu kwa Kishambaa maneno yasiyofaa gazetini, mimi nikaendelea na uji, na tangu siku ile mmoja anakwenda mtoni mapema na mwenzake anachelewa makusudi, na Mwajuma ameapa hatakwenda Mtae kwenye mashindano ya Saba Saba, na bila hao wawili kijiji hakina timu ya wanawake, na timu ya wanaume wameniweka mimi nirushe wa kwanza.

Kwa kuwa ugomvi wa majirani husuluhishwa na balozi, kesi imeletwa kwangu, na nimeiahirisha mara mbili nikisema uchunguzi unaendelea.

Nisaidie mambo mawili, kwa nini kisahani kimekataa kuruka, na nifanye nini kuhusu kesi, na ukiona huwezi yote mawili anza na la kisahani. Usitaje jina langu. Nijibu katika gazeti, maana mimi ndiye ninayeteremka Lushoto siku ya soko kulichukua kwa ajili ya darasa la watu wazima, ambako Yunis huwasomea wenzake kwa sauti kwa kuwa amewapita wote, kwa hiyo nitakuwa nimelisoma kabla yake.

Ni mimi, Mwenye Mashaka, Milimani.

*

Ndugu Balozi,

Shikamoo yako nimeipokea, nimekuzidi, na barua yako imeniongezea miaka. Jina lako nimelificha kama ulivyonisihi. Ni wewe uliyemtaja mkeo, jirani yako, mwenyekiti wako na rangi ya mlango wa duka.

Nitaanza na kisahani, maana naona ndicho kinachokuuma zaidi. Nimetoka uani na mifuniko miwili, wa sufuria na wa ndoo ya plastiki, nikairusha mpaka kuku wakahama. Wa sufuria unataka mkono wenye kasi. Ukiukosa unazama kushoto mapema, na huko kwenu kuna kabichi. Wa ndoo unaridhika na mkono wa taratibu na unaelea. Kwa hiyo mkono wako hauna aibu yoyote, ni wa polepole tu, kama kesi zako. Uzito unaomfaa mtu hutajwa na mkono wake, haupitishwi na mkutano kwa makofi.

Chepesi hakitaki hasira. Vidole chini ya ukingo, kidole gumba juu, mkono upite mbele ya kifua, ukiachie kikiwa bapa na chini chini. Ukikiinua pua kinapanda mbinguni na kurudi kuungama. Upepo ukiwa mgongoni, au tenga likiwa juu ya mlima, hicho ndicho chako. Ila Mtae wamekaa ukingoni kabisa na upepo unawapandia kutoka bondeni. Ukikuvuma usoni chepesi kinanyanyuka na kupinduka, basi ukiinamishe kidogo upande wa nje unapokirusha, au umwachie zamu mwenye mkono mkali na chekundu chake.

Lakini chako si chepesi tena, ndugu yangu. Umekipaka mara tatu, pengine upande mmoja mzito kuliko mwingine, kisha unashangaa kinayumba. Ulitaka kisahani chepesi chenye sura ya kizito, ukapata kizito chenye tabia ya mlevi. Chukua kitambaa na mafuta ya taa, sugua rangi yote itoke, kioshe kwa sabuni. Usikwangue kwa kisu, kimeteseka vya kutosha.

Sasa kesi. Unaweza kuona haya kwa ajili ya kisahani, nakuelewa, wanaume wengi wamebeba vizito kwa sababu walikwisha kusema watabeba. Lakini ulikunywa uji mwanamke jirani yako akiitwa mwizi mlangoni kwako, ukijua mwizi ni nani, kisha ukakubali kuwa hakimu wake. Hapo sina huruma hata ya kukopesha. Uchunguzi umekamilika. Aliyepaka ndiye aliyechukua.

Nenda kwa Mwajuma kwanza, kabla ya nyumbani kwako, na umwambie kwa maneno mafupi. Usimpelekee hotuba. Kisha mwambie Yunis, mkabidhi kisahani chake kikiwa cha njano, na uache akujibu kwa Kishambaa mpaka amalize. Kwenye mkutano ujao simama pale pale uliposimama siku ile, useme kila mtu arushe kinachomfaa. Watacheka. Wamekuwa wakikupa pole muda wote huu, kicheko kitakuwa nafuu. Na Mtae, timu ya wanawake itangulie, na wa kwanza kurusha awe Yunis, aliyekufundisha bila kujua kwamba anafundisha.

Nadhani sasa umesimama stendi ya Lushoto, gazeti mkononi, na unautazama ukurasa huu kwa jicho la kuuchana. Usiuchane. Gazeti likifika darasani na pengo, wa kwanza kuuliza atakuwa yule anayesoma vizuri kuliko wote. Basi la Mtae lina kona nyingi, zitumie kutafuta maneno. Yunis atausoma ukurasa huu kwa sauti mbele ya wenzake, Mwajuma akiwa amekaa benchi lile lile au akiwa hayupo. Awepo au asiwepo, hilo ndilo ulilobakiwa nalo mkononi.