Mikono Nitakayokuja Nayo

Kitui mjini,
Jumapili, 4 Oktoba 1998.

Kwako Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na uwagawie pia wenzako wa kanisani, maana najua wamekuzunguka hapo uani wakitaka kujua barua imetoka wapi. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyomtuma nayo mke wa mchungaji ilikufikia, au alijichua yeye? Yule ng'ombe mwekundu amezaa? Kisima bado kina maji? Huku kwetu joto limetukalia kifuani. Mawingu yanakuja asubuhi, yanatuangalia, halafu yanaenda zake. Lakini watu wanasema mwezi huu hautaisha kabla ya mvua, na mvua ndiyo inayonitia hofu.

Barua yako niliipata. Niliisoma nimesimama, kisha nikaketi nikaisoma tena. Uliniambia kwamba wanawake wa mwethya yetu ya kuchimbiana mashamba walikaa baada ya ibada, na mwenyekiti wao Mama Mulei akasema mbele ya wote kwamba zamu ya kuchimba shamba letu ni Jumamosi hii inayokuja, na kwamba wasiponiona mimi mwenyewe watatupita waende kwa jirani. Ukasema hukuwajibu neno. Hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu wewe si mtu wa kukosa neno.

Siwalaumu. Ni mimi niliyesimama mbele yao Krismasi iliyopita, wakati mvua ya El Niño ilikuwa imebomoa matuta yetu yote na kushuka na udongo hadi mtoni. Nilisema kwamba kwa kuwa goti la mama haliwezi jembe tena, mimi nitakuwa mikono ya nyumba yetu, na kila Jumamosi nitatoka Kitui nije nichimbe pamoja nao. Walinipigia vigelegele nikiwa na sketi yangu ya ofisini. Leo matuta ya karibu wote yamesimama, yetu bado ni makorongo, na mimi wameniona shambani mara mbili tu. Mvua ikinyesha kabla hayajachimbwa, hatutakuwa na shamba la kugombania.

Acha nikueleze hii kazi, maana nasikia ukiulizwa unasema binti yako anapiga taipu. Si uongo, lakini si yote. Kompyuta walizonunua watu miaka ya nyuma zilifundishwa kuandika mwaka kwa tarakimu mbili za mwisho, ili kubana nafasi. Sasa ikifika mwaka elfu mbili, mashine itaona sufuri mbili na kudhani tumerudi mwaka wa elfu moja mia tisa. Mtu wa umri wako itasema hajazaliwa. Hospitali itakunyima dawa kwa sababu huwezi kuugua kabla ya kuzaliwa. Kwa hiyo tunafungua programu, tunasoma mstari kwa mstari, na kila mahali palipo na mwaka tunarekebisha kwa mkono. Ni kama kupepeta mtama gunia baada ya gunia ukitafuta kijiwe kimoja, ila hapa kijiwe kikikupita hutajua mpaka mtu avunjike jino.

Mwajiri wetu, Bwana Ndolo, si mtu mbaya. Nataka ulielewe hilo ili usimwombee mabaya. Ana maneno matamu na hajawahi kumfokea mtu. Lakini kila tukikaribia kumaliza kazi ya hospitali moja, anarudi kutoka Nairobi akitabasamu, na tukiona tabasamu tunajua ameahidi watu wengine tena. Alitununulia magodoro akayapanga nyuma ya makabati, akasema sisi ni familia moja. Mwenzangu Jonah alicheka siku ile, akasema familia yake ina kitanda. Wiki iliyofuata alikuwa amelala hapo na viatu.

Pale kwetu ofisini hakuna anayetuambia tusiende nyumbani. Ndiyo ubaya wake. Kila mmoja anamwangalia mwenzake, na anayeinuka kwanza anaonekana mvivu, basi hainuki mtu. Nimekuwa nikiwaza sana juu ya filimbi ya Mama Mulei ya kumaliza kazi. Unakumbuka nilipokuwa msichana, filimbi ikalia na mimi nikaendelea kuchimba nikitaka sifa? Alikuja akanitoa kwenye mtaro kwa sikio. Alisema nikiendelea peke yangu nawafanya wenzangu waonekane wazembe, na kesho nusu yao hawatarudi. Nilimchukia mwezi mzima. Sasa nakaa kwenye kiti changu, jua linazama dirishani, nami natega sikio kama mjinga, nikitamani mwanamke yule aje anishike sikio tena.

Mwezi wa sita nilifanya lile kosa ambalo halijasahaulika hapo Mukuyuni. Nilimtafuta yule kijana Musembi, nikamlipa akachimbe badala yangu. Niliona nimekuwa mwerevu. Huku mjini ukishindwa kufanya jambo unamlipa mwingine na mambo yanaisha. Musembi alirudi akaniambia alivyopokewa: walimpa maji, wakampa muthokoi sahani imejaa, wakamsifu kwa nguvu zake, kisha Mama Mulei akamwambia kwa upole kwamba ameshiba na sasa aende, kwa maana mwethya hainunuliwi, na kama ingekuwa inanunuliwa, wao wenyewe wangekuwa na bei. Nilisikia aibu hata nikiwa mbali hivi. Lakini Musembi aliniambia na jambo ambalo wewe hukuniandikia. Aliniambia kwamba alipokuwa akiondoka, aliona ukichukua jembe lake ukaingia mtaroni na goti lako hilo, na wanawake wakaona haya kukuzuia. Mwaitu, ulinificha. Ulikuwa ukiniandikia kwamba mambo ni shwari, nami nilikuwa nikiamini kwa sababu kuamini kulinifaa.

Nilifunga virago mwezi wa nane nije nyumbani kuchimba. Nilikuwa na begi mlangoni kabisa. Bwana Ndolo alinisihi nimmalizie hospitali moja tu, akaapa kwamba baada ya hiyo nitapumzika hadi nichoke kupumzika. Nikalirudisha begi chini ya meza. Ndipo nikakutumia habari kwamba nina mafua.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana nimelizunguka vya kutosha na hata anayeniandikia amechoka. Naam, anayeniandikia. Utakuwa umeshaona kwamba huu si mwandiko wangu, na kwamba binti yako hajawahi kukuandikia kwa Kiswahili. Mkono huu ni wa Khamisa, mama mwenye nyumba ninayopanga. Watu wake walitoka pwani zamani, na Kikamba chake ni cha sokoni tu, anaweza kununua mbaazi nacho lakini hawezi kuandika barua. Mimi nasema, yeye anaandika, na pengine ananiambia neno hilo halifai kwa mzazi na analibadilisha.

Mikono yangu imekataa, Mwaitu. Ilianza kwa ganzi kwenye vidole, nikadhani nimelala vibaya. Ikaja kama sindano za moto kutoka kiganjani hadi begani. Niliifunga vitambaa nikaendelea, maana hospitali ile ilikuwa imebaki kidogo. Kisha asubuhi moja nilishika kikombe cha chai mbele ya Khamisa na kikombe kikaanguka, nikashika kingine kikaanguka, naye akaniuliza kama nina ugomvi na vyombo vyake. Ndipo nikalia. Daktari amesema mishipa ya fahamu imebanwa kwenye vifundo vya mikono kwa sababu ya kupiga taipu bila kupumzika. Amenifunga vibao mikono yote miwili. Nisiguse kompyuta kwa miezi, na kama haitalegea, nipasuliwe Nairobi. Hakuniahidi kwamba nguvu zote zitarudi. Siwezi kushika kalamu, siwezi kufunga kifungo. Khamisa ananivisha, ananisuka, ananilisha uji kwa kijiko huku akiniita bibi harusi. Sikukuambia mapema kwa sababu ulifundisha mikono hii kila ilichojua, na ningekuambiaje kwamba nimeimaliza kwa watu ambao hata majina yao sijui?

Bwana Ndolo alikuja kuniona na machungwa, na niliona kwamba amesikitika kweli. Kisha akaniuliza kama naweza kuja kukaa kando ya Jonah nimtajie cha kuandika, kwa kuwa kichwa changu ni kizima. Nami nikaenda! Unaweza kuamini? Nilikwenda na vibao vyangu nikaketi, nikawa nataja na Jonah anapiga, mpaka siku ya pili nikamtazama anavyokunja vidole na kuvikunjua chini ya meza akidhani simwoni. Nikasimama jua likiwa bado juu. Nilimwambia Bwana Ndolo kwamba naenda nyumbani, Jumamosi tunachimba shamba la mama yangu. Hakukasirika. Alitazama vibao akaniuliza nitachimba na mikono gani. Niliondoka tu. Nilipofika mlangoni nilisikia kiti cha Jonah kikisogezwa, nikageuka, naye alikuwa amesimama ameshika koti lake, hajui avae au aketi. Sijui aliamua nini. Lakini mimi huko sirudi, hata mikono ikipona, na ukiniuliza nitakula nini nitakuambia bado sijui.

Sasa nakuomba, Mwaitu. Barua hii anakuletea Abdulkadir, shemeji yake Khamisa, anayekuja huko kununua mbaazi, ili ikufikie kabla yangu. Mimi nitafika Ijumaa. Nisingependa unione hivi kwa mara ya kwanza mbele ya watu, ukapiga ukemi. Lia sasa, umalize, kisha uende kwa Mama Mulei. Usimwambie kwamba naumwa ili anionee huruma. Mwambie ukweli kwamba nakuja mwenyewe kama walivyotaka, na kwamba jembe siwezi kulishika. Nakumbuka kila mwethya ilikuwa na mama mjamzito au ajuza asiyechimba, na bado alihesabiwa, kwa sababu alikaa kivulini na watoto wa wachimbaji au aliwaimbia wimbo wa kazi. Mtoto akifungwa mgongoni mwangu na mtu mwingine naweza kumbeba siku nzima. Sauti ninayo. Muulize kama hiyo inatosha kuitwa mtu wa nyumba yetu.

Akisema haitoshi, usinigombanie. Mimi nitakuja tu, nikae kwenye makorongo yetu wanione. Nimechoka mno kutoa sababu, Mwaitu. Nimekosekana kwa sababu nzuri mwaka mzima, na sababu zote hizo hazikuinua hata tuta moja.

Nisalimie Mama Mulei mwenyewe, na Musembi, na mchungaji na mke wake hata kama alijichua ile dawa. Khamisa anakusalimu sana. Anasema nimemmalizia vikombe, na anataka umtumie kyondo kimoja kizuri cha kwendea sokoni kama fidia, rangi achague yeye. Mungu atulinde sote mpaka hiyo Ijumaa.

Khamisa alitaka kuandika jina langu hapa mwisho, nikamkataza. Umeuza mbuzi miaka mingi ili mimi niweze kuandika jina langu, halafu liandikwe na mtu mwingine? Amenipaka wino kwenye dole gumba, nikalikandamiza karatasini mwenyewe. Kusema kweli sikuisikia karatasi. Lakini angalia hapo chini, alama imetoka, na ni yangu.

Mwanao,