Chungu cha Matobolwa

Itetemia, Tabora

Mpwa wangu Kabula,

Marahaba, maana najua huko Mwanza umeshaniamkia. Sisi hatujambo, na tangu Jumamosi mpishi wa nyumba hii ni mimi. Usicheke. Mama yako mkono wa kulia bado mzito, basi alikaa kwenye kigoda akaniamrisha kama mkuu wa jeshi: nichambue matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, nitwange karanga, nifunike chungu kwa majani ya mgomba na kukiacha juu ya makaa mpaka asubuhi, watu wanywee chai.

"Yoramu, hizo karanga umezitwanga au umezitisha tu?" akaniuliza.

Nilipofunua asubuhi, harufu ilifika mtaa wa Ng'ambo. Mtu wa baiskeli aliyekuwa anakwenda Ulyankulu aligeuza, akidhani kuna harusi. Sikuongezei neno.

Watoto walikomba chungu. Mama yako, ambaye tangu atoke hospitali alikuwa akila vijiko viwili anasukuma bakuli, alimaliza la kwanza akaomba jingine. Kisha akasema, "Mpakulieni na Kabula, asichelewe shule."

Wewe wa kwenda shule, mwenye watoto wawili. Wenzangu walicheka. Mimi nilitoka nikachochee moto, na moto wenyewe ulikuwa umeshazimika.

Kwenye simu anajikaza, ndiyo maana nimeshika kalamu. Njoo mwezi huu, mwanangu, wakati jina lako bado analo. Kupika nitapika mimi.

Mjomba wako anayekupenda,
Yoramu