Mrithi wa Mukengere kwa Karatasi

Jumatatu, 2 Machi 2009
Karatasi ya Mukengere, fundi wetu Mkongomani wa kinu cha mpunga, inakwisha tarehe kumi na tano. Mwaka umepita hivihivi! Ni ile ya mkataba wa biashara na nchi jirani: mtaalamu wa kigeni anaruhusiwa kufanya kazi hapa mwaka mmoja, na katika mwaka huo lazima amfundishe raia mmoja wa Rwanda kazi yake. Leo nimetoa faili kabatini nione raia huyo ni nani. Ni mimi. Uwineza Joselyne, fundi mwanafunzi, A2.

A2 ninayo, ndiyo, cheti cha sekondari — ila cha usekretari. Patron Ladislas, mwenye kiwanda, aliandika A2 tu kwenye barua ya maombi, akakomea hapo. Na aliyeipiga barua hiyo kwenye kompyuta ni mimi mwenyewe, nikidhani ni jina la kujazia nafasi. Kinyaa kimenishika hadi chakula cha mchana kimenishinda.

Jumatano, 4 Machi
Nimeshuka kwenye mashine, mara ya kwanza tangu Noeli. Vumbi la pumba, kelele. Mukengere alikuwa anabadilisha rola za mpira, zile zinazomenya mpunga. Anakaza kidogo, anapitisha mpunga wa kiganja kimoja, anatazama chenga, analegeza. Hana kipimo. Ana vidole — na viwili havikunjiki tangu mkanda wa mashine ulipovivunja mwezi wa kumi. Siku ile alitibiwa kwa sababu alikuwa na karatasi, na karatasi ina bima. Bila hiyo angevuka kwenda Kamanyola, kwao Kongo, na mkono umefungwa kitambaa cha gunia.

Nilimwuliza kama anajua kwamba mimi ndiye mwanafunzi wake. Alicheka mpaka akakaa juu ya magunia. Kisha akaona sicheki.

Ijumaa, 6 Machi
Patron ameniita. Ana mpango. Nisaini kwamba nimehitimu, kiwanda kisifiwe kwa kuheshimu mkataba, nipandishwe cheo niwe fundi mkuu. Na mashine ataiendesha nani? Mukengere yuleyule! Ataingia kama mgeni wa siku thelathini. Zikiisha avuke, alale kwao, arudi kwa thelathini nyingine. Bila mkataba, bila bima. Aliyasema haya huku anachokonoa meno. Akaongeza kwamba hawa Wakongomani wamezoea kuhangaika.

Hawa! Ladislas amezaliwa Bukavu, kulekule Kongo, kama mimi. Tulisoma shule moja, tukaitwa wageni pamoja, wazazi wetu, wakimbizi kutoka Rwanda, wakizunguka ofisi kila mwaka kutafuta ruhusa ya kukaa. Tulirudi huku mwaka tisini na nne, familia yetu ikiwa na godoro moja na sufuria mbili. Na Kiswahili anachomtukania Mukengere amekipata kwa kina mama wa kule, wale waliotupa ugali bila kuuliza karatasi.

Nilitaka kumtemea mate. Nikasema, nitafikiri, Patron. Nitafikiri! Najichukia na mimi.

Jumanne, 10 Machi
Patron amepita mezani kwangu mara nne. Ameniletea soda. Sikuinywa.

Jioni mwanangu Teta ametoka shuleni anarukaruka. Binti wa Patron amemwambia kwamba mimi mama yake nimekuwa enjenia. Ameshatangazia darasa zima. Aliniuliza kama nitavaa kofia ya chuma. Nilimwambia amalize maharage yake.

Alhamisi, 12 Machi
Mkaguzi wa mkataba ule amefika asubuhi. Bwana Ndagijimana, mtu mpole, shati limepigwa pasi. Aliniuliza maswali mawili kuhusu mashine. Yote mawili Patron alijibu haraka kabla sijafungua mdomo. Mkaguzi akanitazama. Kisha akaniwekea fomu mbele yangu, akanipa kalamu yake. Niandike kwa mkono wangu mwenyewe: naweza kuendesha mashine peke yangu, ndiyo au hapana.

Ndiyo — na Mukengere haongezewi muda. Hapana — Mukengere anapata mwaka mwingine wa kunifundisha, lakini barua ya uongo itafuatiliwa, na waliohusika nayo wako wawili. Patron, na mimi niliyeipiga.

Nikatoka uani, nikamkuta Mukengere ameegemea ukuta. Amevaa viatu vya kusafiri. Begi liko miguuni. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu!

"Maman Teta, weye tia tu signature," alisema. "Miye nitazoeya. Weye uko na mutoto, na kazi haiko mingi huku."

Nikamwuliza, na mkono wako ukivunjika tena? Akauficha mfukoni.

Nimesema naenda chooni mara moja. Niko chooni. Daftari liko juu ya goti, mlango nimeufunga kwa kamba. Kunanuka. Patron amekuja nje ya mlango, anakohoa. Anasema kwa sauti ya asali kwamba mgeni anangojea, Maman Teta, tusimchoshe.

Sasa yuko na mkaguzi. Nawasikia. Bwana Ndagijimana anasema hana haraka, ila anauliza kalamu yake imekwenda wapi. Patron anamwahidi nyingine. Hapana, anasema mkaguzi, aandike kwa ile niliyompa.

Ninayo. Ndiyo hii ninayoandikia.