Khamis Ali Khamis Watatu

Jumatatu, 8 Machi 2004
Umeme umekatika mara mbili kabla ya saa nne. Nimepangusa vumbi la mbao kwenye kompyuta, kama kila siku. Mzee Nassor anazo mbili hapa karakanani kwake, mwaka wa pili sasa, zimefunikwa vitambaa vya kufuma kama vikombe vya wageni. Hataki nyingine. Anataka hizi zifanye kazi na watu wazizoee. Ndiyo kazi iliyonirudisha kwetu kutoka Dar. Wiki ya tatu hii, na mafundi seremala bado wanazipita kwenda kumwuliza Bi Asha.

Bi Asha ndiye mpokea oda. Miaka ishirini mlangoni pale na daftari lake. Hanipingi. Hilo ndilo linaloniudhi.

Jumatano, 10 Machi
Oda zote nimeziingiza. Bi Asha akisoma daftarini, mimi nikipiga. Kila jina lina hadithi: huyu mtoto wa nani, nyumba yake upande gani wa msikiti. Akataka yote niyaandike. Nikamwambia hakuna nafasi. Uongo. Kuiongeza ni dakika tano. Nilichoka tu.

Alasiri nikasafisha orodha. Majina yaliyojirudia nimeyafuta. Imenyooka, raha kuitazama. Mzee amefurahi, daftari amelifungia kabatini. Kuanzia leo mafundi wafuate karatasi ninayochapa mimi.

Jumanne, 16 Machi
Siku mbaya. Amekuja Khamis Ali Khamis wa Mgogoni kuchukua kitanda. Anaoa Ijumaa. Kitanda hakipo, hata ubao mmoja haujakatwa. Kompyuta inasema Khamis Ali Khamis alichukua kitanda chake Jumamosi, kikapelekwa Vitongoji. Nimefungua mara kumi, jibu ni lile lile. Sielewi. Mashine haikosei, na mtu amesimama mbele yangu mikono mitupu.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Ningekuwa wa chama chenu, kitanda kingekuwepo." Akaondoka.

Mzee amewaambia mafundi waache yote, wakifanye hicho.

Jumatano, 17 Machi
Maneno yameshafika sokoni: Mzee Nassor anawanyima vitanda watu wa chama kisicho chake. Miaka hii hata maziko yana chama, sembuse kitanda.

Mzee amemgeukia Bi Asha. Anasema hakunisomea jina lile makusudi, ili kompyuta ionekane mbovu. Kuanzia Jumamosi asije tena. Bi Asha alijitanda kanga yake vizuri akaendelea kufuma. Nina hasira, sijui na nani. Labda kweli hakunisomea? Sikumbuki. Vibaya zaidi, natamani iwe kweli.

Alhamisi, 18 Machi
Nimeomba ufunguo wa kabati.

Daftari, ukurasa mmoja, hati ya Bi Asha. Khamis Ali Khamis wa Bi Saada, Mgogoni, kitanda. Khamis Ali Khamis wa marehemu fundi baiskeli, Vitongoji, kitanda. Khamis Ali Khamis wa nyuma ya msikiti, Wawi, kabati la nguo. Kila mmoja ana alama ya kalamu aliyotia alipomaliza kunisomea.

Alinisomea wote. Niliwafuta mimi. Niliona jina mara tatu, nikadhani ni kosa.

Mpemba gani mimi? Chuoni Wawi, tukisoma Kurani utotoni, tulikuwa Juma Hamad Juma wawili. Maalimu akiniita Juma wa Bi Mize, na hakuna aliyekosea hata siku moja. Miaka kumi ya Dar, hata hilo nimelisahau.

Nikamwuliza Bi Asha kwa nini alinyamaza, na alijua kosa ni langu. Akasema, "Mie nna kwangu, mwanangu. Weye ukitolewa hapa kwa aibu, n'nani atakupa kazi, yakhe?"

Nilitaka ardhi ipasuke. Nikaenda kwa Mzee, nikamwambia mbele ya mafundi wote. Akasema maneno hayo hayo nikayaseme Mgogoni.

Ijumaa, 19 Machi
Tumekipeleka kitanda kabla ya sala. Vanishi inanata bado. Mbele ya wazee wake nikamwambia bwana harusi: si chama, ni mimi, nilikufuta. Akanitazama sana. Akauliza mtu anafutwaje. Nikaeleza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nami nilivyozidi kutoelewa. Kitanda amekipokea. Kama ameniamini, sijui.

Jumamosi, 20 Machi
Mvua kidogo asubuhi. Bi Asha amekuja saa yake ile ile, amekaa mahali pake. Mzee amemsalimia kama kila siku.

Khamis wa Wawi nimemrudisha, na nimeongeza nafasi mpya kwenye orodha. Nilimwuliza tuiiteje. Akasema, "Wa nani, wa wapi." Nimeandika hivyo hivyo.

Baadaye alivuta kiti mbele ya kompyuta, akaomba ajaribu. Kidole kimoja, herufi moja moja. Juma Hamad Juma. Wa Bi Mize, Wawi.

Sina oda yoyote pale. Sijalifuta.