Hondohondo kwenye Mringaringa

Jumanne.

Ndege yule hondohondo dume alikuja tena alfajiri, akamlisha jike kupitia ufa mwembamba. Jike amejiziba kwa udongo ndani ya tundu la mti wetu wa mringaringa, hatoki mpaka makinda wakue.

Bado nilikuwa na darubini machoni kaka Eliya alipofika na mwenye msumeno. "Kahawa haina bei, mdogo wangu. Tunaukata mti huu, tuuze mbao."

Nikamtukana. Kaka yangu mkubwa, mbele ya mgeni!

Nikachuma jani la isale mpakani, nikampa kwa mikono miwili. Kwetu Wachagga, ukiombwa radhi kwa isale hukatai.

Akalipokea. "Yameisha. Nimekusamehe."

Nikashusha pumzi.

Ndipo akamgeukia yule mtu: "Haya, njoo kesho asubuhi."

Niliomba radhi. Mti sikuuombea.