Pilipili ya Baba

Kaka yangu,

Sisi wazima, na paka wako amezaa wanne. Uliuliza ninavyopika ule mchuzi wa pilipili wa nyama ya kusaga tangu Baba aambiwe ana kisukari. Sosi ya nyanya ya chupa usiiguse, imejaa sukari. Kaanga nyanya mbichi na kitunguu, nyama na pilipili saba, kisha utie maharage yaliyoiva. Wali hapati, anapata kabichi. Kila siku ananung'unika, "Mnanilisha kama sungura!" Lakini sahani anairudisha imelambwa.

Jumapili iliyopita aliingia jikoni pekupeku kuonja kwa siri. Nilipotokea mlangoni, sufuria ikapinduka, mchuzi unaotokota ukammwagikia mguu wa kushoto. Aliyepiga yowe ni mimi. Yeye alisimama tu na mwiko wake, akaniuliza, "Kelele za nini, mama?" Kisha akatazama chini, akaona ngozi inavyobambuka, akaenda kuvaa soksi.

Ameniapisha nisikwambie. Tangu siku hiyo hataki kuvua soksi, na chumba chake kina harufu ambayo si ya pilipili.

Simu usipige, atakudanganya. Njoo.

Mdogo wako