Nyumba ya mpwa wangu inanuka, nimwambieje?

Bibi Kalamu,

Kwanza ujue unaandikiwa na nani, ili ukae sawa kwenye kiti. Mimi ndiye mtu ambaye bila yeye ile nyumba ya mapumziko iliyotoka kwenye jarida, ile iliyosimama juu ya nguzo pale mto unapoingia baharini, isingekuwepo, maana ingawa aliyeichora ni mpwa wangu na walioijenga ni mafundi, mimi nilikuwepo, nilisimama, nilinyoosha kidole. Ukilipata jarida lenyewe fungua ukurasa wa tisa, kile kiwiko kwenye ukingo wa baraza ni changu.

Sasa naomba unisaidie, maana jambo hili limenizidi hata mimi. Mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa, ni msanifu majengo, ana akili sana, na akili hiyo imetoka upande wetu, akaamua kuujengea ukoo mzima nyumba ya kupumzikia, kila familia kwa zamu yake, na nyumba yenyewe haichafui kitu, umeme unatoka kwenye jua, maji ya mvua yanaingia kwenye matangi, madirisha yamepangwa upepo uingie huku utokee kule hata feni hakuna, sakafu inang'aa mpaka unajionea nywele zako zilivyopungua, na hakukatwa hata mkoko mmoja, nguzo zilipenyezwa katikati ya miti kama mtu anayepita kwenye watu waliolala. Familia ikaona nyumba kama hiyo haiwezi kukosa mtu mzito, wakaniomba nihamie niisimamie. Dada yangu anasema waliniomba kwa sababu sikuwa na shughuli nyingine, lakini dada yangu ana utani mwingi.

Usidhani ni kazi ya mtu mwoga. Mamba wa mto huu alinitazama, nikamtazama, akageuka akaenda zake. Shemeji yangu anasema lilikuwa gogo. Gogo gani linaona haya?

Shida ni choo. Mpwa wangu alibuni choo kikavu, hakitumii maji, ukimaliza haja unatupia kopo moja la unga wa mbao na kufunika, basi, baada ya miezi inakuwa mboji ya bustani na hakuna kitu kinachofika mtoni. Miezi mitatu ya kwanza ungeweza kunywea chai mle ndani. Mwezi wa nne nikahamia mimi. Mwezi wa tano kikaanza kunuka, Bibi, na si kunuka kwa kawaida, kunuka kwa makusudi. Dada yangu alikuja juzi na wajukuu, akaingia na gazeti lake, hakumaliza hata kichwa cha habari, akatoka amelitumia kujipepea.

"Mnaniambia hiki ndicho choo cha kisasa?" akasema. "Mimi nimeingia mzima nimetoka mgonjwa!"

Wajukuu wakakipa jina, wanakiita Chumba cha Adhabu, ukikosea wanatishia kukupeleka.

Mpwa wangu hakucheka. Amefungua, amepima, amechungulia bomba la hewa, amechora upya kurasa na kurasa. Akaniuliza, "Mjomba, kuna mtu anamwaga maji humu?" Nikamjibu hakuna mgeni hata mmoja aliyemwaga maji, na huo ni ukweli, mimi si mgeni. Akaenda kukaa kwenye ngazi, kichwa mikononi, akasema, "Sasa nimekosea wapi, Mjomba?" Nikamshika bega nikamwambia, mwanangu, jipe moyo, hata sisi wakubwa tumewahi kukosea mara moja moja.

Na mambo hayaishii hapo. Ng'ambo ya mto kuna shule ya bweni, vyoo vyao vya shimo hufurika kila mvua zikinyesha na watoto wanarudishwa nyumbani, na mwalimu mkuu alikuwa aje kukiona choo hiki ili binti awajengee kama hicho. Sasa mpwa wangu anataka kumpigia mwalimu aseme asije, kazi yake imeshindwa. Na Alhamisi wanakuja mafundi kuchimba karo la maji machafu, na ili wachimbe lazima wakate mikoko ya upande mmoja, yeye ambaye hakuwahi kukata hata tawi.

Mimi kwa upande wangu nimepigana mpaka tone la mwisho. Kila asubuhi, kabla sijakaa, namwaga mle ndoo mbili za maji yenye dawa ya kuulia vijidudu, nabeba mwenyewe, ngazi kumi na nne, na mgongo huu. Hata mapambo nimeongeza, palikuwa na kibao cha maandishi ukutani, sijui cha nini, siku ya maelekezo mimi nilikuwa nje napigwa picha ya kiwiko, basi nikaona msumari upo tayari, nikatundika juu yake picha yangu nimevaa kofia ya ujenzi. Pamependeza.

Swali langu ni hili: nimwambieje binti huyu kwamba mchoro wake umeshindwa, bila kumvunja moyo?

Wako,
Msimamizi Mkuu wa Nyumba

*

Bibi Kalamu anajibu:

Msimamizi Mkuu, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka hadi wenzangu ofisini wakaja kuchungulia. Mara ya pili nikafika pale binti alipokaa kwenye ngazi, nikaacha kucheka.

Mchoro haujashindwa. Choo kikavu kinaitwa kikavu, na wewe umekizamisha kwa ndoo mbili kila asubuhi, na kana kwamba maji hayatoshi ukaongeza dawa ya kuua vile vijidudu vyenyewe ambavyo kazi yao ilikuwa kukutengenezea mboji. Halafu kibao kinachosema usifanye hivyo ukakifunika kwa sura yako.

Tena usiniambie hukujua. Asiyejua angejibu tu "sijui." Wewe ulichagua maneno: hakuna mgeni. Ulijua kuna jambo, ukamwacha mtoto wa dada yako akajilaumu mbele yako, ukamshika na bega! Hapo ndipo uliponiudhi, Mjomba. Kosa la ndoo ni la kawaida, nyumba nyingi zina mtu anayesafisha kitu mpaka kikaharibika. Kosa la bega si la kawaida.

Naelewa kidogo. Umeingia kwenye nyumba ambayo kila kitu kinafanya kazi chenyewe, jua linawasha taa, upepo unapoza vyumba, na mtu mzima kama wewe ukabaki unatafuta kitu cha kubeba. Hiyo ni aibu ndogo na haina haja ya kufichwa. Lakini usimlipishe binti aibu yako.

Gazeti hili linatoka Jumapili, mafundi wanakuja Alhamisi. Ukimaliza kusoma hapa, inuka. Toa picha yako ukutani, soma kibao chote, kwa sauti. Nenda kwa mpwa wako kwa miguu yako, si kwa simu, umwambie: ni mimi, ndoo mbili, kila siku, tangu nihamie. Usianze na mamba. Usimtaje dada yako wala kiwiko. Mwambie asipige simu shuleni kuwazuia, awaombe tu wasogeze siku mbele kidogo. Kisha mwombe koleo, na atakapokuelekeza jinsi ya kutoa lile tope na kuweka unga wa mbao mkavu, fanya wewe mwenyewe, mpaka mwisho, hata mgongo ukilalamika. Ulisema unataka kazi.

Na kitu kimoja kinanisumbua bado. Umeandika unamwaga maji kabla ya kukaa. Anayesafisha humwaga baada. Mimi si lazima uniambie, lakini huyo binti ni msanifu, na wasanifu huuliza kwa nini. Jiandae.

*

Ujumbe uliofika baada ya wiki sita:

Bibi Kalamu,

Nilimwambia Jumapili ileile. Sikuanza na mamba. Akasema, "Mjomba, wiki tatu nimekuwa najiona sijui kazi yangu," nikamwomba koleo, mimi, na wanaonijua hawataamini.

Koleo nililishika siku mbili. Sitaeleza. Mafundi walirudishwa, mikoko ipo, na harufu iliisha polepole kama mgeni asiyetaka kuaga. Juzi mwalimu mkuu alikuja, akanusa, akafunua, akaingiza kichwa chote, kisha akaomba tumpishe kwa haja zake binafsi. Alikaa dakika ishirini. Akatoka amemaliza gazeti lote. Shule inajengewa choo chake.

Picha yangu ipo stoo. Dada yangu anasema hata panya wameanza kuiheshimu.

Na binti aliuliza, kama ulivyosema. "Kwa nini kabla ya kukaa, Mjomba?" Nikasema, usafi. Akasema, "Mjomba." Basi, hilo tu. Kwa hiyo nakueleza na wewe, maana kwake nimeshasema na bado sijapumua. Siku ya pili tangu nihamie nilifunua kile kifuniko nikakuta macho mawili yananitazama, yamesimama juu ya vijiti. Alikuwa kaa, alipanda nguzo akaingilia kwenye bomba la hewa. Ndoo zilikuwa za kumfukuza. Moyoni nilijiambia nimeona kitu kikubwa. Bibi, alikuwa sawa na kizibo cha soda.

Mpwa wangu ameshaweka wavu kwenye bomba, hapiti hata inzi. Lakini mpaka leo, kabla sijafunua, napiga hodi.